Vitabu navyo ni dawa: kipi unywe, kipi uache?

MSOMAJI mpenzi, ukiingia duka la dawa mjini Mombasa ukaomba vidonge vikali vya usingizi, mwenye duka atakuuliza cheti cha daktari. Lakini hatua chache kutoka hapo, kandokando ya Digo Road, utakuta vitabu vya mitumba vimetandazwa juu ya turubali, na vingi vyavyo vimeandikwa kwenye jalada kwamba vitakuondolea wasiwasi, vitakupa utajiri na kubadilisha maisha yako kwa muda wa siku 30. Hapo hutaulizwa cheti. Utalipa, utafungiwa kitabu chako kwa gazeti na utakwenda zako.

Leo nataka tuzungumze juu ya kitabu hicho ulichofungiwa. Je, kitakuponya, au kitakuzidishia maradhi?

Mimi si daktari wala mwalimu. Ni msomaji tu. Nilizaliwa Kibokoni, Mji wa Kale, na tangu nikiwa mtoto wa chuoni nasoma kila kilichoandikwa, hata kipande cha gazeti kilichofungiwa kashata. Katika miaka hii yote nimejifunza kwamba vitabu vina nguvu kama dawa. Kuna vinavyoponya, kuna vinavyotuliza maumivu kwa saa chache, na kuna ambavyo ukivinywa kwa wakati usiofaa vitakudhuru. Hili la mwisho sikulisoma popote. Lilinifika.

Barua ya kazi

Kwa miaka 14 nilikuwa karani katika kampuni ya uwakala wa forodha. Kazi yangu ilikuwa kushughulikia hati za makontena ya wateja wetu katika bandari ya Kilindini. Mkazi yeyote wa kisiwa hiki anayajua yaliyofuata. Gari la moshi la mizigo la SGR lilianza kazi Januari 2018, na mwaka wa 2019 ikatolewa amri kwamba mizigo iingiayo nchini isafirishwe kwa reli hiyo hadi bara, ikatolewe huko. Watu waliandamana barabarani. Madereva wa malori, makarani, wapakizi, hata akina mama waliokuwa wakituuzia mahamri na mbaazi asubuhi, wote waliguswa. Amri ya kuirudisha kazi hiyo Mombasa ilikuja Septemba 2022, lakini wakati huo meza yangu ilikuwa imeshauzwa zamani.

Wiki za mwanzo baada ya kupewa barua nilijikaza kiume, kama tunavyofunzwa. Baadaye usingizi ukaanza kunihama. Nilikuwa nikilala saa nne, saa tisa za usiku nimeamka, macho makavu, nikihesabu ada ya shule, kodi ya nyumba na deni la dukani. Mwadhini wa alfajiri akiadhini, ananikuta nimekaa kitandani.

Basi nikafanya lile afanyalo msomaji anapopatwa na shida. Nilikwenda kununua kitabu. Nilinunua kimoja, kisha cha pili, hata baada ya miezi mitatu nilikuwa na vitabu 9 vya nasaha, yaani vile vya kumfundisha mtu kujisaidia, kufaulu na kuwa na furaha. Majina yavyo sitayataja, kwa sababu huenda vimemfaa mtu mwingine. Lakini nitakwambia vilinifanyia nini mimi.

Vyote viliniambia jambo moja kwa maneno tofauti: hali uliyo nayo umejiletea mwenyewe kwa fikira zako. Aliyeshindwa hakutaka kushinda. Maskini anafikiri kimaskini. Amka saa kumi za usiku, simama mbele ya kioo, jiambie kwamba wewe ni mshindi. Nami, msomaji, nilisimama mbele ya kioo. Nilijiambia mimi ni mshindi. Kisha nilikwenda sebuleni nikaikuta barua ya mwenye nyumba imepita chini ya mlango.

Kila nilipofunga kitabu, nilijiona mnyonge kuliko nilivyokuwa nilipokifungua. Kama kazi ilipotea kwa sababu ya fikira zangu, basi nimewaonea watoto wangu. Hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniamsha saa tisa.

Aliyeigundua ni mke wangu, ambaye hasomi vitabu vya aina hiyo. Usiku mmoja aliniuliza, "Baba Zuhura, mbona ukifunga hivi vitabu uso wako huwa kama wa mtoto aliyetoka kugombezwa?"

Kioo humdhuru nani?

Miaka kadhaa baadaye nilikuja kujua kwamba yaliyonipata mbele ya kile kioo yalikwisha kuchunguzwa. Mwaka wa 2009 mtaalamu wa saikolojia Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti ambamo watu waliombwa wakariri sentensi ya kujisifu kwamba wao ni watu wa kupendwa. Wale waliokuwa wakijithamini tangu mwanzo walijisikia vizuri kidogo. Wale waliokuwa wakijidharau walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao wasiokariri chochote.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Ukimwambia mtu mwenye njaa arudierudie kwamba ameshiba, tumbo lake ndilo litakalomjibu. Maana yake ni kwamba dawa hii humfaa zaidi asiyeumwa, na humdhuru yule hasa aliyekwenda kuinunua.

Kitabu "kisichofundisha kitu"

Karibu na Marikiti alikuwapo mzee mmoja muuza vitabu vya mitumba, ambaye tulikuwa tumeshazoeana. Siku moja nilipomnyoshea kitabu cha kumi nilipe, hakupokea pesa. Alinitazama kwanza.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe kila juma waja kununua kitabu cha kukufundisha kuishi. Jee, utaishi lini?"

Kisha aliinama akatoa kitabu chembamba kilichochakaa, jalada limebandikwa kwa gundi. "Chukua hiki. Hiki hakikufundishi kitu. Ukimaliza, nirudishie."

Kilikuwa *Kuli*, riwaya ya Shafi Adam Shafi wa Zanzibar iliyotolewa mwaka wa 1979. Niliwahi kuisoma nikiwa kijana, nikaisahau. Riwaya hiyo inasimulia maisha ya wapagazi wa bandari ya Unguja wakati wa mkoloni, mizigo waliyoibeba, ujira waliolipwa, hadi mgomo wa mwaka wa 1948. Mgomo huo ni jambo la kweli, kama ulivyokuwa wa kweli mgomo wa wafanyakazi wa hapa petu Mombasa, Januari 1947.

Usiku ule saa tisa niliamka kama kawaida. Badala ya kuhesabu madeni, niliwasha taa ya jikoni nikaanza kusoma. Sikulala tena hadi alfajiri, lakini kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilikuwa nimepitisha saa mbili nzima bila ya kujifikiria mimi. Niliwafikiria watu wengine, wenye bandari yao, wenye matajiri wao na njaa yao. Na hapo likanijia jambo ambalo vitabu 9 havikuniambia: kwamba mtu anaweza kufanya kazi kwa bidii na uaminifu, na bado akaumizwa na maamuzi yaliyofanywa katika ofisi asiyowahi kuiona. Wale wapagazi hawakuwa na fikira mbovu. Walikuwa na ujira mbovu.

Asubuhi yake nilitoka nikaenda kukaa barazani na wenzangu wawili tuliofukuzwa pamoja, ambao nilikuwa nikiwakwepa kwa aibu. Tulikunywa kahawa tungu. Kumbe na wao walikuwa hawalali.

Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo kazi kubwa ya hadithi katika afya ya mtu. Hadithi haikupi amri. Inakuonyesha binadamu mwenzako katika shida, nawe unajiona ndani yake bila ya kuaibishwa. Mtu mwenye dhiki huamini kwamba ni yeye peke yake duniani, na upweke huo ni nusu ya ugonjwa.

Wazo hili si geni. Diodorus, mwanahistoria wa Kiyunani, aliandika habari za maktaba ya mfalme mmoja wa Misri ya kale ambayo juu yake paliandikwa kwamba hapo ni mahali pa kuponya roho. Kisha mwaka wa 1916 mwandishi wa Kimarekani Samuel Crothers alibuni neno la Kiingereza lenye maana ya tiba kwa vitabu, neno ambalo waganga na wakutubi wanalitumia hadi leo.

Nasaha si haramu

Tafadhali, msomaji, usinielewe vibaya. Sisemi kwamba vitabu vya nasaha vyote vitupwe baharini pale Mama Ngina Drive. Wengi hudhani kwamba vitabu hivi ni uvumbuzi wa Wazungu. Ni kweli kwamba Samuel Smiles alitoa kitabu chake cha kujisaidia London mwaka wa 1859, na kwamba kile cha Dale Carnegie cha mwaka wa 1936 na cha Napoleon Hill cha mwaka wa 1937 vinauzwa hadi leo kwenye vibaraza vyetu. Lakini mwaka mmoja kabla ya Smiles, yaani mwaka wa 1858, mwanamke wa pwani yetu ya Kenya, kisiwani Pate, alitunga utenzi wa nasaha akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Mwanamke huyo ni Mwana Kupona binti Mshamu. Tazama jina lake lenyewe: Kupona.

Zipo nasaha za Mwana Kupona ambazo wasomaji wa leo, hasa akina mama, hawatazikubali, na wana haki. Lakini angalia jinsi alivyozitoa. Alikuwa anamjua anayemwambia. Alijua umri wake, nyumba yake, udhaifu wake na mapenzi yake. Hapa Mombasa vilevile, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti lake la *Sahifa* mwaka wa 1930 na baadaye *Al-Islah* mwaka wa 1932, aliwanasihi watu wa mji aliozaliwa na kuishi ndani yake, na ambao wangeweza kumsimamisha njiani wakamjibu.

Kitabu cha nasaha cha leo kimeandikwa na mtu asiyekujua. Hajui kwamba una kisukari, kwamba umefiwa, au kwamba bandari imehamishwa. Anawaambia watu milioni moja neno moja. Ndiyo maana nasema kitabu cha namna hiyo hakitoshi kuwa mshauri wako. Kinahitaji mtu wa kukaa nacho pamoja nawe.

Vitabu vya nasaha vilivyopimwa

Je, kuna vitabu vya nasaha ambavyo wataalamu wamevipima kama dawa zinavyopimwa? Ndiyo, vipo.

Mwaka wa 1980 daktari wa akili Mmarekani David Burns alitoa kitabu kiitwacho *Feeling Good*, kinachomfundisha msomaji kuandika fikira zake za kujilaumu na kuzihoji moja baada ya nyingine, kama wakili anavyomhoji shahidi. Mwanasaikolojia Forrest Scogin wa Chuo Kikuu cha Alabama na wenzake waliwapa kitabu hicho wagonjwa wenye sonona isiyo kali, yaani ule unyonge wa moyo usiokwisha, wakawafuatilia. Wengi wao walipata nafuu kuliko wale waliokuwa bado wanangojea zamu yao.

Uingereza, kuanzia mwaka wa 2013, madaktari wameweza kumwandikia mgonjwa mwenye wasiwasi au sonona jina la kitabu kutoka kwenye orodha iliyokubaliwa na wataalamu, naye akakiazima bure katika maktaba ya mtaani kwake. Mpango kama huo ulikuwa umeshaanza Wales miaka kadhaa kabla.

Na wala tusiende mbali. Katika kambi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, Shirika la Afya Duniani lilijaribu mafunzo ya kujisaidia kwa wanawake 694 waliokimbia vita Sudan Kusini. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mafunzo yalirekodiwa kwa sauti katika lugha yao, wakayasikiliza pamoja kwa vikundi, vikao 5, na kila mmoja akapewa kijitabu cha picha aende nacho nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2020. Miezi mitatu baada ya mafunzo, waliohudhuria walikuwa na dhiki ndogo ya moyo kuliko wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo.

Sasa angalia tofauti, msomaji. Vitabu hivi haviahidi utajiri. Havimwambii mkimbizi kwamba vita amejiletea kwa fikira zake. Vinampa jambo dogo la kufanya leo: kuvuta pumzi taratibu, kulitaja wazo linalomsumbua bila ya kupigana nalo, kutenda wema mmoja kwa mtu aliye karibu naye. Na mara nyingi huwa na mtu wa kumfuatilia msomaji. Utafiti mwingi umeonyesha kwamba vitabu vya nasaha husaidia zaidi mtu huyo akiwapo.

Daktari na karatasi tatu

Nirudi kwenye kisa changu, kwa sababu ningekuwa mwongo kama ningesema *Kuli* iliniponya. Riwaya iliniondolea aibu. Haikunirudishia usingizi. Nilikuwa nimeanza kukonda, chakula hakina ladha, na jioni moja nikiwa kwenye feri ya Likoni nilijikuta nayatazama maji kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Hofu niliyoipata siku ile ndiyo iliyonipeleka hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa mpwa wangu. Aliniuliza, "Baba, tangu lini hulali vizuri?" Kisha aliniuliza waziwazi kama nimewahi kufikiria kujidhuru. Sijawahi kuulizwa hivyo maishani mwangu, na nilipojibu kweli nilihisi kama mtu aliyetua gunia. Alinieleza kwamba nina sonona, kwamba ni maradhi kama malaria yalivyo maradhi, na kwamba yana tiba. Nilipewa dawa kwa muda, na nikapelekwa kwa mshauri ambaye nilikuwa nikimwona kila baada ya wiki mbili.

Mshauri huyo alinipa karatasi tatu zilizopigwa chapa, zilizotolewa katika kitabu cha nasaha cha aina ile iliyopimwa. Ya kwanza ilinitaka niamke saa ile ile kila siku, hata kama sikulala, na nikikaa kitandani muda mrefu bila ya usingizi, niinuke niende chumba kingine nifanye jambo la utulivu mpaka usingizi urudi. Ya pili ilinitaka nipange kila siku jambo moja dogo la kufanya nje ya nyumba. Ya tatu ilikuwa na safu mbili: upande mmoja wazo la kunilaumu, upande wa pili ushahidi. Niliandika, "Nimeipoteza kazi kwa uzembe." Upande wa pili niliandika tarehe za amri ya reli na idadi ya wenzangu waliofukuzwa siku moja nami. Mshauri alinitazama akacheka, nami nikacheka.

Karatasi tatu hizo zilinifaa kuliko vitabu 9, na ninaamini ni kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeniuliza, wiki mbili baadaye, "Ulifanya?"

Na hadithi nazo zina madhara

Ningekuwa mpendeleo kama ningezisifu hadithi tu. Riwaya nazo huweza kumdhuru mgonjwa. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe ni mmoja wa waandishi wakubwa kabisa wa lugha hii, na *Rosa Mistika* ya mwaka wa 1971 na *Kichwamaji* ya mwaka wa 1974 ni vitabu ninavyovipenda. Lakini vina kiza. Ningekuwa na rafiki aliyezama katika unyonge, nisingempa vitabu hivyo akasome peke yake chumbani. Ningengoja apone, kisha tuvisome pamoja tubishane.

Jambo la pili ni kujificha. Mtu anaweza kusoma riwaya moja baada ya nyingine ili asimfungulie mlango mwenye kumdai. Kama unasoma ili upate nguvu ya kurudi kwenye maisha yako, hiyo ni tiba. Kama unasoma ili usirudi kabisa, hiyo ni sawa na mwenye kulewa.

Jambo la tatu, usidanganywe na vichwa vikubwa vya habari. Mwaka wa 2013 utafiti wa Marekani ulidai kwamba kusoma riwaya za kisanaa kwa dakika chache kunamfanya mtu afahamu hisia za wenzake zaidi. Watafiti wengine walipoujaribu tena mwaka wa 2016, hawakupata matokeo hayo. Mwaka huo huo wa 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale waliwafuatilia watu 3,635 wenye umri wa miaka 50 na zaidi kwa miaka 12, wakaona kwamba wasomaji wa vitabu walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa asilimia 20 kuliko wasiosoma vitabu. Ni habari njema, lakini haithibitishi kwamba kitabu ndicho kilichowarefushia maisha. (Utafiti huo pia ulionyesha kwamba vitabu vina faida kuliko magazeti. Mhariri wangu, nakuomba radhi.)

Kipimo cha msomaji

Kwa yule atakayeuliza, "Sasa nifanye nini?", haya ndiyo ninayowashauri jamaa zangu:

1. Kabla ya kununua kitabu cha nasaha, fungua katikati usome kurasa mbili. Kama kinakugombeza, kirudishe. Kama kinakuahidi utajiri, kirudishe upesi zaidi. Kama kinakupa zoezi dogo la kufanya, kifikirie.

2. Angalia aliyekiandika. Je, ni mtu aliyesomea afya ya akili na kuwatibu watu, au ni mtu aliyetajirika kwa kuuza vitabu vya kutajirika?

3. Soma kimoja tu kwa wakati. Vitabu 9 vya nasaha ni sawa na madaktari 9 wanaokuandikia dawa bila ya kujuana.

4. Mtafute mwenzako wa kumweleza ulichosoma: mke, mume, dada, rafiki wa barazani. Kama huna, soma kwa sauti. Tenzi zetu zilitungwa zisikilizwe.

5. Usiku soma hadithi, usisome nasaha. Nasaha huamsha hesabu. Tena soma kitabu cha karatasi na uiweke simu mbali, kwani mwanga wake na ujumbe wake havikuachi ulale.

6. Chagua hadithi inayogusa jambo lako kwa ubavu, si usoni. Msichana anayebanwa na wazazi anaweza kujiona katika Maimuna wa *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed. Kijana aliyekua bila ya baba anaweza kusafiri na yule Kongowea wa *Siku Njema* ya Ken Walibora. Na anayetaka kupumzika tu, bila ya somo lolote, amfuate Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla akimsaka mwuaji katika *Mzimu wa Watu wa Kale*. Kicheko nacho ni dawa.

7. Kama huna pesa, nenda maktaba ya umma iliyoko barabara ya Msanifu Kombo. Kitabu cha kuazimwa kina faida moja zaidi: kina tarehe ya kurudishwa, kwa hivyo kitakutoa nyumbani.

Wakati wa kufunga kitabu

Mwisho, na hili ndilo kubwa. Kama kwa muda wa wiki mbili au zaidi umekuwa na huzuni karibu kila siku, au vile ulivyovipenda havikufurahishi tena, na pamoja na hayo usingizi na chakula vimekuhama, unajilaumu kupita kiasi au umeishiwa na nguvu, usinunue kitabu kingine. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, au Hospitali ya Rufaa ya Coast General ambayo wengi wetu twaiita Makadara, ueleze hivyo hivyo. Na kama umewahi kufikiria kujidhuru, usingoje wiki mbili. Mwambie mtu leo hii. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya bure, 1199, ambayo unaweza kuipigia ukasikilizwa.

Kwenda kwa daktari wa akili si wazimu, wala si upungufu wa imani. Mwenye jino bovu haambiwi akasome kitabu cha meno.

Mimi siku hizi nalala. Nina kazi ndogo ya kuandika hesabu za duka moja Biashara Street, na mshahara wake ni nusu ya ule wa zamani. Vile vitabu 9 niliviuza kwa bei ya hasara. *Kuli* nilikwenda kumrudishia yule mzee, akaikataa. Akaniambia nimtafute mwingine asiyelala nimpe. Nilimpa mwenzangu mmoja wa forodhani, naye ameshampa mtu mwingine huko Majengo. Sijui sasa iko kwa nani, lakini kama imekufikia wewe, msomaji, isome polepole, kisha uipitishe.